Mkono wa Mtoto Unapimwa. Shingo na Mdomo Je?

Wote tunaujua ule utepe. Mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano anavuliwa shati, mkono wa kushoto unazungushiwa utepe wa rangi tatu, na mhudumu anasoma. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, mtoto anaandikishwa matibabu ya utapiamlo. Kati ya 115 na 125 ni njano, anafuatiliwa. Kuanzia 125 ni kijani, na mama anaambiwa haya, nenda nyumbani, mtoto yuko sawa. Utepe huo umeokoa watoto wengi sana na sisi hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni na yale maneno "yuko sawa".

Manake utepe unapima mkono tu. Hauoni fizi zinazotoka damu. Hauoni shingo iliyoanza kuvimba. Hauoni mtoto wa mwaka na nusu ambaye bado hajaota jino hata moja. Mtoto anaweza kuwa kijani kabisa na bado mwili wake unakosa kitu ambacho unene wa mkono hauwezi kukionyesha. Kwa hiyo sisi vijana wa kikundi hiki, wengine tuko Nyarugusu, wengine Nakivale, tunasema hivi: siku ya kupima mkono, mtoto ainuliwe kidevu na afunguliwe mdomo. Hiyo ndiyo hoja yetu. Mengine yote hapa chini ni sababu.

Tuanze na shingo.

Mbele ya koo kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, inaitwa thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazouambia mwili ukue kwa kasi gani, utumie nguvu kiasi gani, na, kwa mtoto aliye tumboni na mchanga, ubongo ujengeke vipi. Ili itengeneze homoni hizo inahitaji iodini, ambayo Tanzania wanaiita madini joto. Ikikosa iodini, tezi inahangaika, inavimba ikijaribu kunasa hata kile kidogo kinachopita. Uvimbe huo ndio rovu. Na rovu lenyewe si ndilo baya zaidi. Baya zaidi halionekani: mama mjamzito akikosa iodini kabisa, mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, pengine kiziwi asiyeweza kusema, na hapo hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea. Upungufu mdogo nao unamfanya mtoto awe mzito darasani, na mwalimu anamwita mvivu.

Sisi tuliotoka Kivu hatusomi habari za watu wengine hapa. Iodini husombwa na mvua kutoka milimani kushuka mpaka baharini, na kinachopandwa kwenye udongo ulioachwa nyuma kinakuwa nayo kidogo tu. Watu wa pwani wana samaki wa bahari. Sisi tuna ndagala, na ndagala ni tamu, hakuna anayebisha, lakini ni samaki wa maji baridi, iodini yake si ya kutegemea.

Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, kinajulikana na madaktari wa rovu dunia nzima. Watafiti wa Kibelgiji walifanya kazi huko tangu miaka ya 1960 na wakakuta jambo la kushangaza. Iodini ilikuwa chache kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa upande wa kaskazini, na kusini-magharibi lilikuwa nadra. Kama tatizo ni iodini peke yake, mbona pande mbili za kisiwa kimoja zitofautiane hivyo? Mwaka 1971 Delange na Ermans walichapisha jibu lao: chakula kilikuwa na mchango, na chakula chenyewe ni muhogo.

Hapa tunaomba msituelewe vibaya. Hakuna anayewaambia muache bugali ya muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Mwili ukiipokea kidogo kidogo unaibadilisha kuwa thayosianeti, na hiyo thayosianeti inazuia tezi kuvuta iodini kutoka kwenye damu. Mtu mwenye iodini ya kutosha hapati shida kubwa. Mwenye iodini chache anaumia mara mbili. Mama zetu walijua dawa yake kabla ya watafiti kufika: kumenya, kuloweka siku tatu mpaka muhogo ulainike, kuanika mpaka ukauke kabisa, ndipo kutwanga. Sombe nayo inatwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Utaalamu upo. Kinachouvunja ni njaa. Mtu ambaye unga umemwishia Jumatatu hawezi kusubiri muhogo mpaka Alhamisi, analoweka usiku mmoja anaanika, au anang'oa ule ambao haujakomaa. Kwa hiyo mkiona familia inakula muhogo ulioharakishwa, msiwape somo la upishi kwanza. Waulizeni mgao wao uliisha lini.

Na mgao ndio unatuleta kwenye chumvi.

Hesabu yake ni rahisi. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo inabeba maikrogramu 30 katika kila gramu. Gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ni maikrogramu 150, ambacho ndicho kiasi Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji. Mjamzito anahitaji 250. Mtoto wa chini ya miaka mitano 90, na wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji 120. Ndiyo maana kapu la kawaida la chakula cha wakimbizi lina unga, maharage, mafuta, na ile gramu tano ya chumvi yenye iodini. Chumvi haikuwekwa pale kwa ajili ya ladha tu. Ni dawa iliyofichwa kwenye mboga, na ni ya bei rahisi kuliko dawa zote.

Sasa Juni 2023 mgao Tanzania ulishushwa hadi nusu. Uganda, Mei 2025, watu wapatao milioni moja waliondolewa kwenye msaada wa chakula. Habari hizo zote zilitangazwa kwa asilimia na kwa idadi ya watu, na sisi tulizisoma kama tumbo: siku ngapi tutakula, siku ngapi hatutakula. Ni haki. Lakini hatukusikia mtu akiuliza kuhusu chumvi. Na mahali ambapo msaada unakuja kwa fedha kwenye simu, chumvi imetoka kabisa mikononi mwa shirika na kuingia mikononi mwetu, na hakuna aliyetukabidhi rasmi. Hakuna aliyesema, "Jamani, kuanzia leo iodini ya watoto wenu ni juu yenu, mkienda sokoni angalieni hivi na hivi."

Sokoni kuna chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina iodini, na kuna ile ya kwenye beseni, inauzwa kwa kikombe au kijiko, jua linaipiga kutwa nzima. Mtu mwenye shilingi mia mbili hanunui pakiti. Tunajua. Chumvi ya asili, iwe imechemshwa Uvinza kwenye chemchemi ambazo watu wamezitumia kwa zaidi ya miaka elfu moja, iwe ya ziwa la Katwe, hata iwe ya baharini, haina iodini ya kutosha mpaka iongezwe wakati wa kuitengeneza. Na ile iliyoongezwa nayo inapungua ikikaa kwenye unyevu, joto na jua. Kwa hiyo njia nzuri kwa wasio na hela ni majirani watatu au wanne kuchanga pakiti moja, kila mtu akaweka fungu lake kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jiko. Na chumvi itiwe mwishoni mwishoni, chungu kikikaribia kuepuliwa, siyo mwanzo.

Kuna kichupa kidogo cha kupimia chumvi. Unadondosha tone, chumvi ikigeuka rangi ya buluu au zambarau, iodini ipo. Ikibaki nyeupe, haipo. Hakikuambii kiasi kamili, lakini kinatosha kujua beseni lipi ni la kukwepa. Kijana yeyote aliyemaliza darasa la saba anaweza kukitumia baada ya kufundishwa nusu saa. Tupeni vichupa hivyo, sisi soko tutalizunguka wenyewe.

Tahadhari moja, kwa sababu kwenye simu zetu kunapita matangazo mengi ya matone ya "kusafisha tezi". Iodini ikizidi nayo inaleta shida. Kambi za Wasaharawi, karibu na Tindouf kule Algeria, watoto walikutwa na rovu kwa sababu iodini ilikuwa nyingi mno kwenye maji na maziwa. Na utafiti wa Seal na wenzake, uliochapishwa 2006, uliwapima wakimbizi waliokaa kambini muda mrefu katika nchi kadhaa za Afrika ukawakuta wengi wana iodini iliyozidi, siyo iliyopungua. Mnaona? Kwa hiyo shingo ikivimba usikimbilie kuhitimisha, wala usinunue matone. Shingo iliyovimba ni sababu ya kumpeleka mtoto akapimwe damu. Na shirika nalo lisikisie. Mgao wa wakati ule si mgao wa leo, umepunguzwa au haupo. Vipimo vya wakati ule havituelezi hali ya leo.

Tuje mdomoni. Wengi wetu asili yetu ni Fizi, Kivu Kusini, kwa hiyo utani huu tumeusikia: leo tunazungumzia fizi za mdomoni, siyo za kwenye ramani.

Kwanza tunyooshe jambo moja. Kuna wanaosema fizi zikitoka damu ni upungufu wa iodini, na wanawapa watu maji ya chumvi yenye iodini kama tiba. Siyo hivyo. Fizi za watoto zinatoka damu mara nyingi kwa sababu ya ule utando unaoganda kwenye meno yasiyopigwa mswaki. Ni uchafu tu, na dawa yake ni mswaki, wa dukani au wa mti, mara mbili kwa siku, hata kama damu inatoka. Wengi wanaacha kupiga mswaki wakiona damu, wakati ndiyo siku ya kuendelea, taratibu. Dawa ya meno yenye floraidi iliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kwenye vifaa vya usafi tunavyogawiwa sabuni ipo. Mswaki na dawa ya meno tunanunua. Familia ya watoto saba inanunua mswaki mmoja, na huo mmoja unapita kwa wote.

Lakini damu ya fizi inaweza kuwa kitu kingine. Kakuma, 2017 mpaka 2018, kulitokea mlipuko wa kiseyeye. Wengi tulidhani kiseyeye ni ugonjwa wa mabaharia wa zamani. Walioupata walikuwa vijana wa kiume wa Sudan Kusini, umri wetu huu huu, miguu inauma, fizi zimevimba, kutafuna ni shida. Unga, maharage makavu na mafuta havina vitamini C, basi. Na hao vijana hakuna utepe ungewaona, kwa sababu utepe ni wa watoto wa chini ya miaka mitano. Mdomo ndio uliosema.

Dawa ya kiseyeye ni mapera, papai, embe, ndimu, lenga-lenga isiyochemshwa mpaka ikawa kama matope. Sombe hapa haisaidii sana: tumeshasema lazima ichemshwe muda mrefu kutoa sumu, na muda huo huo unaondoa vitamini C. Ndiyo maisha. Mpera mmoja nyuma ya nyumba ni kitu kikubwa, na pale ambapo kanuni za kambi zinabana kilimo, tungependa mtu atuambie mpera nao una ubaya gani.

Halafu kuna noma. Siyo noma ya mtaani; huu ni ugonjwa, jina lake ndilo hilo, na Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Unashika zaidi watoto wadogo, miaka miwili mpaka sita, wenye utapiamlo, mara nyingi wametoka kuugua surua au malaria. Unaanzia kwenye fizi. Fizi zinatoka damu, zina vidonda, mdomo unanuka vibaya kuliko kawaida, mate yanatiririka. Baada ya siku chache shavu linavimba, halafu nyama ya uso inaoza. Bila matibabu watoto mpaka 9 kati ya 10 hufa. Ukikamatwa mapema kwenye fizi, unazuiwa kwa antibaiotiki za kawaida, usafi wa mdomo na chakula. Mapema maana yake ni kabla shavu halijavimba, na kabla shavu halijavimba hakuna njia ya kuujua isipokuwa kumwambia mtoto: aaah, fungua mdomo.

Kuna jambo jingine ambalo tunalisema kwa heshima, kwa sababu linawagusa bibi zetu. Tanzania wanaita meno ya plastiki au meno ya nailoni, Uganda wanasema ebiino, Rwanda ibyinyo. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, bibi anaangalia fizi anaona uvimbe mweupe pale chonge litakapoota. Anasema hayo ndiyo yanayomuua. Anaitwa mtu, anakuja na spoku ya baiskeli au kisu, anachokoa. Kile kinachotoka, kidogo, cheupe, laini, wanakionyesha: si mnaona, jino la plastiki! Ni jino kweli. Ni jino la mtoto lenyewe, changa, ambalo halijaota. Kule kuharisha na malaria viko pale pale, sasa kuna na kidonda, kuna upotevu wa damu, kuna pepopunda na virusi vinavyosafiri na chuma kisichochemshwa. Wengine wanakufa. Wanaopona, meno yao ya kudumu yanaweza kuota vibaya au yasiote.

Hatuwezi kulimaliza hili kwa bango. Bibi hamsikilizi mtu anayeanza kwa kumwambia "mila potofu". Tumeona kinachosaidia: kijana anayemheshimu bibi yake amwambie, "Bibi, kuharisha huku tukaoshe kwanza na maji ya chumvi na sukari ya kituoni, twende wote kliniki, fizi tutaiangalia keshokutwa." Siku mbili hizo mara nyingi zinatosha mtoto kupata nafuu na chuma kusahaulika.

Na hapa shingo na mdomo vinakutana. Mtoto ambaye thairoidi yake haifanyi kazi vizuri tangu kuzaliwa ana dalili za mdomoni: ulimi mkubwa unaojitokeza nje, mdomo wazi, na meno yanayochelewa sana. Kwa kawaida jino la kwanza linatoka karibu miezi sita, ingawa watoto wanatofautiana. Akifika miezi kumi na minane bila jino lolote, lazima daktari amwone. Sasa fikirieni mtoto huyo mbele ya mtu mwenye spoku, anayetafuta kwenye fizi kwa nini meno hayatoki. Na mtoto huyo huyo hana haja ya spoku wala ya maombi ya usiku kucha. Akigunduliwa mapema anahitaji kidonge kimoja cha homoni kila siku. Kila mwezi anaocheleweshwa ni ubongo unaopungukiwa.

Wafanyakazi wa mashirika, tunajua mtajibu nini. Watoto ni wengi, foleni ni ndefu, wahudumu wamepunguzwa, fedha zimekatwa. Tunalijua hilo kuliko mnavyodhani, wahudumu wenyewe ni kaka na dada zetu. Lakini foleni ipo tayari. Mtoto ameshavuliwa shati, mama yuko hapo, kadi iko wazi mezani. Kuinua kidevu na kutazama shingo ni sekunde tano. Kuinua mdomo wa juu kwa kidole kilichooshwa na kutazama fizi ni sekunde kumi. Kinachohitajika ni mstari mmoja zaidi kwenye daftari, mafunzo ya asubuhi moja, na makubaliano na kituo kikubwa kwamba mtoto akitumwa na neno "fizi" au "shingo" hatarudishwa mlangoni. Hilo la mwisho ndilo gumu, tunakiri, kwa sababu kipimo cha homoni ya thairoidi hakipo kila mahali. Basi anzeni na orodha. Orodha ya watoto ishirini wenye shingo iliyovimba inaombewa fedha kirahisi kuliko hofu yetu sisi.

Kuhusu lugha, msisumbuke. Kuna akina mama ambao neno "thairoidi" halitawaambia kitu, na hata "rovu" wengine hawalitumii. Kibembe, Kifuliiru, Kinyarwanda, Kirundi, maneno ya kumuuliza mama kama shingo ya mtoto ilikuwa hivi tangu azaliwe tunayo. Siku za kupima tunakuwa pale pale, tunabeba wadogo zetu kwenye foleni. Tuiteni mezani.